Panchi ya Kurudi Kundini

Benchi lile ni la wateja wangu. Nalisema hilo kila siku na hakuna anayenisikia. Mimi ni fundi viatu hapa Kaloleni, nyuma ya uwanja wa mpira, na benchi nililichongesha kwa hela yangu ili mtu anayesubiri kisigino apate pa kukaa. Sasa mteja anasubiri kwa mguu mmoja kama korongo, na kwenye benchi wamejazana wajuzi wa dunia. Hata jina langu wamelifuta, wananiita Gundi.

Jumamosi ile asubuhi alitangulia Stanley, tunayemwita Magazeti kwa sababu anayasoma yote na hajawahi kununua hata moja. Tangu watu binafsi waruhusiwe kuchapisha magazeti yao, mshikaji hana muda hata wa kunyoa ndevu.

"Sikilizeni nchi inakokwenda!" akapaaza sauti. "Ukurasa wa akina mama. 'Panchi ya kumeremeta kwa sherehe yako.' Wanasema sherehe bila panchi siku hizi ni kikao cha balozi wa nyumba kumi!"

"Panchi ndiyo nini?" akauliza Sironka. Huyu alikuwa bwana mifugo kule Tengeru mpaka walipompunguza kazi. Tumembatiza Josho, maana kila tatizo la binadamu yeye analitibu kama la ng'ombe.

"Juisi ya matunda mchanganyiko, halafu inatoa mapovu."

"Ng'ombe akitoa mapovu tunamchoma sindano."

"Josho, hii ni ya watu wa kisasa."

"Hao ndio wa kuchomwa kabisa."

Naipanoi, anayeuza matunda meza ya pili kutoka yangu, akacheka mpaka chungwa likamponyoka.

"Msilaumu gazeti," akasema. "Tangu yule bwana wa marobota ya mitumba kule Themi aweke panchi kwenye beseni la kioo, na upawa wake wa kioo, wake za watu hawalali. Wiki hii nimeuza mananasi kuliko Krismasi."

"Miaka ile soda za harusi zilikuwa za kibali," nikasema huku nagonga msumari. "Kreti mbili, watu mia. Bibi harusi na bwana harusi wanagawana chupa moja, na sisi tunapiga makofi."

"Siku hizi ruksa, Gundi!" Magazeti akadakia. "Nenda dukani kwa Mahendra pale. Soda za kopo kutoka Dubai, juisi za boksi kutoka Kenya, mananasi ya kopo kutoka sijui wapi."

"Mananasi ya kopo!" Naipanoi akashika kiuno. "Na mimi nimekaa hapa na mananasi yenye majani yake!"

"Soma dawa inavyochanganywa," Josho akaamuru.

Magazeti akakohoa kidogo, akasoma. "Kamua machungwa na pasheni. Katakata nanasi. Ongeza ndimu na sukari, weka mahali pa baridi. Halafu hapa wamekoleza wino: 'Mapovu yanatokana na soda. Imimine dakika ya mwisho, wageni wakiwa mlangoni.'"

Hapo ndipo alipotokea Elimringi, muuza vipuri, amekumbatia chupa ya chai kifuani kama mtoto mchanga. Sisi tunamwita Kundini, na jina alijitafutia mwenyewe. Krismasi iliyopita alitoka kunywa mbege, ile pombe ya ndizi, akaingia moja kwa moja mazoezi ya kwaya, akamnyang'anya mwalimu kijiti cha kuongozea, akaimbisha besi mpaka akina mama wa sauti ya kwanza wakatoka mbio. Wazee wa usharika wakamtenga, wakamkalisha kiti cha nyuma. Tangu hapo kila ukimsalimia anakujibu kwamba anataka kurudi kundini.

Na siku yenyewe ilikuwa kesho yake. Binti yake Irine anapata kipaimara, na wazee walikubali baba arudishwe siku hiyo hiyo, wapige magoti pamoja kwenye Meza ya Bwana. Sharti lilikuwa moja, kwamba nyumbani kwake lisikutwe tone la pombe, na Mzee Ebenezer angefika mwenyewe kukagua.

"Jamani," Elimringi akasema, "nimepata panchi. Muonje, mniambie ukweli kabla sijaaibika. Jana Irine amenishika mkono, akaniambia, baba, kesho usikae tena kile kiti cha nyuma." Machozi yakamlengalenga. Hata Magazeti akakunja gazeti.

"Mimina, baba Irine," Naipanoi akasema kwa upole.

Akashika kizibo. Kabla hajakizungusha vizuri, paa! Kizibo kikaruka, kikatua kwenye kopo langu la gundi, na povu likashuka mpaka kwenye viatu vya mteja.

"Ebwana wee!" Josho akaruka pembeni. "Umetia soda ngapi humo?"

"Hata moja!" Elimringi akachekelea. "Soda bado ziko kwenye kreti nyumbani, nitatia kesho. Hii imechangamka yenyewe!"

Magazeti akalikunjua tena gazeti, akapitisha kidole kwenye ile mistari, akaguna.

"Kundini, uliitengeneza lini?"

"Jumatano. Nilitaka ikolee."

"Kwenye chombo gani?"

"Pipa la mama mkwe. Nimelifuata mpaka Marangu."

Tukatazamana. Naipanoi akaweka kisu chini.

"Si pipa la mbege hilo?"

"Ni la mbege, ndiyo, lakini sasa hivi halina mbege!"

"Ulilisugua na sabuni?"

"Nigombane na mama mkwe? Lile pipa sabuni ni mwiko. Linafutwa tu linaanikwa, ili mbege ya safari nyingine ishike upesi. Alinisisitiza mara tatu."

"Ukaliweka mahali pa baridi?"

"Jikoni, karibu na mafiga. Nikalifunika na majani ya mgomba, kama desturi."

"Kama desturi ya kutengenezea nini, baba Irine?"

Elimringi akainama. Akainusa ile chupa ya chai.

"Na pua yako ilikuwa wapi siku zote hizi?" nikamuuliza.

"Nilidhani ni harufu ya pipa tu! Na kuonja sijaonja. Niliapa nisiguse chochote cha kwenye pipa lile mpaka kesho." Akakaa kwenye benchi langu kwa kishindo. "Mungu wangu. Nimetengeneza pombe. Mimi! Wiki ya kurudi kundini!"

"Lita ngapi?" Josho akauliza.

"Themanini."

"Bomba!"

"Bomba nini, Josho? Mtoto wangu anapiga magoti peke yake kesho, wewe unasema bomba!"

"Nasema tutakusaidia. Sisi hatujatengwa. Tunakuja kwako sasa hivi, tunaimaliza yote, mzee akifika anakuta pipa kavu na wagonjwa watatu."

"Mwambie imetoka Dubai," Magazeti akatoa lake. "Siku hizi kitu kikitoka Dubai hakuna anayekiuliza maswali."

"Jamani, nisaidieni kwa akili!"

Kengele ya baiskeli ikalia. Kugeuka hivi, Mzee Ebenezer: kofia, tai, Biblia kwenye kikapu cha mbele. Ndiye aliyeongoza kile kikao cha kumtenga Elimringi, na inasemekana kwa ukali wake hakumeza hata mate mpaka hukumu iliposomwa.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia kama kwaya nzima.

"Marahaba. Elimringi, nilikuwa naenda kwako kukagua. Naona umeniletea njiani. Hiyo ndiyo panchi ninayoisikia?"

"Mzee, hii bado, haijawa sawa, ni kama..."

"Nipe."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Elimringi akachukua kikombe cha kahawa cha Josho, akamimina. Mzee akanywa. Akafumba macho. Tukalitazama koromeo lake linavyopanda na kushuka.

"Kuna pasheni," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Akanyoosha kikombe, kikajazwa.

"Na nanasi."

"Ndiyo, mzee."

Cha tatu alikinywa amekaa, tena kwenye benchi langu, mteja wangu akasogezwa. Cha nne alivua kofia. Hakutaja tena tunda lolote.

"Elimringi."

"Mzee, naungama. Sikujua. Naapa kwa jina la mwanangu, nilidhani ni..."

"Nyamaza. Iko kiasi gani?"

"Lita themanini, mzee."

"Nani anajua?"

"Hawa hapa tu."

Mzee akatutazama mmoja mmoja. Sisi tukautazama ukuta wa uwanja.

"Kesho wageni wako watakunywa soda za chupa, na wakiuliza panchi, waambie iliharibika. Hii lazima iteketezwe, na kazi hiyo hawezi kupewa mtu aliyetengwa. Ni kazi ya mzee wa kanisa. Tafuta mkokoteni. Saa saba mchana pipa liwe kwangu, kule Sakina."

"Mzee, si tuimwage tu hapa mtaroni?" Magazeti akauliza, mdomo wake haujui kukaa.

"Mtaroni! Watoto wa watu waikanyage? Kijana, mambo haya yana utaratibu wake."

Akasimama polepole, akavaa kofia, nyuma mbele. Akamwekea Elimringi mkono begani.

"Kesho nitasimama mbele ya usharika niseme nimekagua, na nyumbani kwa Elimringi hakuna hata tone. Na nitakuwa nimesema kweli tupu. Wewe piga magoti na mwanao."

Elimringi akalia waziwazi, na Naipanoi akajifuta macho kwa kanga, sijui ni kwa uchungu au kwa kicheko. Mzee akajaribu kupanda baiskeli, mguu ukakosa pedali. Akajaribu tena. Mwisho akaamua kuisukuma. Alipofika kwenye kona ya Mahendra akasimama, akageuka, akatuinulia kidole kama anavyofanya akisoma matangazo.

"Na hilo pipa," akaita, "msilioshe!"