Kinu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 1968

Siku ya ishirini na moja bila Swaumu. Nimekula mkate mkavu. Tena.

Kwa kumbukumbu, maana shajara haidanganywi: mke wangu yuko Bukene kwa kaka yake, kwa sababu ya kinu. Kinu alichoachiwa na marehemu mama yake. Nilimpa Mzungu mmoja, akanipa darubini. Nilimwambia ni kinu cha misafara, kilichowatwangia wapagazi wa pembe. Mzungu alikaribia kulia. Swaumu alilia kweli. Akasema nikiacha mipango atarudi, akafunga khanga zake, akapanda treni. Darubini yenyewe inaona kwa jicho moja tu.

Leo, mpango! (Wa mwisho.) Treni ya Dar es Salaam iliingia nami nipo stesheni. Wakashuka mzee na mkewe, wasafiri, na masanduku mawili. Mzee ana kofia nyeupe yenye nembo ya nanga, inang'aa kama dhahabu. Mkubwa serikalini, hapana shaka! Nikayaona yote papo hapo: mkubwa analala kwangu, anakula kwangu, anamwandikia shemeji yangu Ngollo barua yenye mhuri. Ngollo anaogopa mhuri kuliko simba. Swaumu anarudi.

Thuwaini naye alikuwepo, angekosaje. Ana duka mkabala na kibanda changu cha kutengeneza saa, ana vyumba vya kupangisha, ana redio. Alikwisha kuwakaribisha. Nikamnong'oneza mzee kwamba kulala vyumba vya kupanga hakupatani na Azimio la Arusha. Alicheka sana, akanifuata. Nikatupia sanduku kubwa begani, mbio, asije akabadili nia.

Njiani nikauliza kabila, kwa adabu. Mzaramo! Mzee Pazi, na mkewe Bi Mwanamkuu. Nikanywea. Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na misafara. Mtani akiingia kwako, akipendacho ni chake, na akikutukana unacheka. Nami nina jogoo mmoja, kanzu moja ya Idi na darubini.

Akauliza na mimi kabila gani. Nikasema Mmanyema.

Jumanne, 6 Agosti

Kuwa Mmanyema ni kazi. Bi Mwanamkuu alisema hajapata kuonja mapishi ya Wamanyema, anatamani. Ikabidi nikanunue mawese, ndiyo mafuta yao. Na mtaani auzaye mawese ni nani? Thuwaini. Akauliza tangu lini nakula mawese. Nikasema ya kulainishia saa. Nimepika dagaa. Wageni wamekula wakaramba vidole. Mimi nimetoka nje mara nne.

Wanafuata reli mpaka Kigoma, kisha meli ya ziwani. Babu yake Mzee Pazi aliifuata njia hii kwa miguu, na mjukuu amestaafu, anataka kuiona kabla hajafa. Nimewapeleka Kwihara kwenye tembe la zamani, nyumba ya udongo walimofikia wenye misafara. Nikaeleza historia, na palipopungua nikaongeza. Mzee aliitazama ile njia ya mchanga kwa muda mrefu, akavua kofia. Nilisikia aibu kidogo.

Jioni Bi Mwanamkuu aliuliza mwenye jiko yuko wapi. Nikasema amekwenda kusalimia kwao. Akalitazama lile duara lililobaki sakafuni, pale kinu kilipokaa miaka kumi na tisa.

Barua: bado. Nangoja wakati mwafaka.

Jumatano, 7 Agosti

Balaa!

Kahawa barazani kwa Thuwaini, watu wamejaa. Mzee Pazi akaanza kuwasema Wanyamwezi. Eti walitembea miezi mitatu na pembe zao, walipoiona bahari wakauliza nani amesahau kufunga bomba. Watu hoi. Mimi Mmanyema, nikanywa kahawa. Eti Mnyamwezi mmoja alilala ufukweni, maji yalipokupwa akaenda polisi kushtaki kuwa yameibwa. Nikanywa kahawa. Eti babu yake Pazi alimuuzia mwingine kivuli cha mnazi, mjinga akakikunja akarudi nacho Unyanyembe.

Nikasimama. Nikasema, baraza zima likasikia, kwamba Mzaramo hajui safari, yeye kazi yake kukaa chini ya huo mnazi akingoja nazi imdondokee mdomoni, na kama si babu zetu kumpelekea asali na pembe, angekuwa anakula mchanga mpaka leo!

Kikapasuka kicheko. Thuwaini alijimwagia kahawa kanzuni. Mzee Pazi akanyoosha mkono huku akifuta machozi.

"Karibu nyumbani, mtani. Nilikujua tangu stesheni. Nani mwingine angeweka sanduku begani?"

Kweli. Wao hubeba kichwani. Sisi, tangu wapagazi, begani. Ulimi niliufunga, bega nikalisahau.

Mtani aliyekana utani hutozwa. Amechukua jogoo, kanzu na darubini. Bi Mwanamkuu amechukua mto wangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Shingo inauma.

Asubuhi niliomba barua, liwalo na liwe. Mzee akauliza mhuri gani. Kumbe si mkubwa wa chochote! Miaka thelathini alikuwa mpishi kwenye boti ya bandarini. Kofia alipewa na nahodha siku ya kustaafu. Nimekula mawese kwa ajili ya mpishi!

Nikakaa chini. Sijui ilikuwaje, nikajikuta nasema yote: kinu, Mzungu, lile duara sakafuni. Nikasema nyumba imenishinda. Kwamba kila alfajiri natega sikio nisikie anayetwanga, na najua hayupo. Nikalia, mtu mzima, mbele ya mtani. Nikangoja anicheke. Ilikuwa haki yake.

Hakucheka. Alimtazama mkewe, mkewe akaanza kufunga mzigo.

"Barua ni ya watu baki," akasema. "Mtani huenda mwenyewe."

Wamepanda treni ya Mwanza, watashuka Bukene. Kigoma itasubiri. Nilitaka kufuatana nao, Bi Mwanamkuu akasema nimekwisha kufanya ya kutosha, nibaki nifagie jiko. Wameondoka na jogoo.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefagia. Nimeswali. Nimefagia tena.

Thuwaini kaniletea sahani ya wali na mchuzi, na hakusema neno la kejeli. Hilo ndilo limenitia hofu.

Jumamosi, 10 Agosti

Amerudi! Swaumu wangu kashuka kwenye treni na jogoo kwapani, wageni nyuma yake! Akasema nimekonda, nimekuwa kama mchi.

Bi Mwanamkuu ndiye aliyenihadithia. Walipofika, mzee alilala kizingitini kwa Ngollo, akajifunika kanzu yangu kama sanda, akasema yeye ni maiti ya Lukumani, yaani mimi, ameuawa na mkate mkavu, basi wamzike hapo hapo au wampe mkewe Swaumu. Bi Mwanamkuu akaangua kilio cha matanga. Bukene nzima ikaja. Watu wakalazimika kumruka maiti kwenda chooni. Swaumu alijitahidi kununa mpaka adhuhuri, maiti alipofumbua jicho moja akaomba chai. Hapo akacheka, na mtani akishakuchekesha huna tena kesi. Ngollo mwenyewe akatoa kinu kipya cha mninga na mchi wake.

Nimekibeba begani toka stesheni. Kizito! Nilikuwa na furaha hata hivyo.

Nyumbani Swaumu aliniwekesha mkono juu ya kinu, wageni wakiwa mashahidi.

"Mama yangu nilimzika mara moja, Lukumani. Wewe umenizikia mara ya pili. Apa kwamba kinu hiki hakitoki humu ndani."

Nimeapa. Kwa moyo wangu wote nimeapa.

Jumapili, 11 Agosti

Wageni wameondoka kwenda Kigoma na kanzu yangu, darubini yangu na mto wangu. Mzee akanipungia darubini dirishani, akasema nikifika pwani niingie kwake nichukue nikitakacho. Kofia ile, kwa mfano. Nilisimama mpaka moshi ukapotea. Nampenda mzee yule.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeamshwa na mtwango. Du, du, du. Nikabaki kitandani nasikiliza tu, machozi yakinitoka. Sitaki kingine duniani.

Saa nne Land Rover imesimama kwa Thuwaini. Wazungu, bwana na bibi, watalala hapa leo kisha wapitie Igunga. Wanapenda mambo ya misafara. Bwana ana tochi ya betri tano. Inamulika mpaka ng'ambo ya reli!

Kinu sikigusi. Nimeapa, na kiapo ni kiapo.

Lakini Swaumu hakutaja mchi. Nimepitia kiapo neno kwa neno: mchi haumo. Na ile chupa ya mawese imebaki nusu. Mchi ukipakwa mawese na majivu ya jikoni unazeeka miaka mia kwa usiku mmoja. Nimewaambia waje kesho saa tatu, Swaumu akiwa sokoni.