Tezi Dume ni ya Madume

Kitu cha kwanza nilichoona asubuhi hiyo ni baba kuacha chai ipoe na kwenda nyuma ya kibanda, kwenye choo, mara ya tatu kabla ya saa nne. Mimi ndiye napika chai hapo, karibu na soko la mifugo, Kitengela.

Hiram, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, aliinua simu.

"Habari ndiyo hii! Jumamosi wanaume wanapimwa tezi dume bure!"

"Bure? Kitengela hii?" Ngigi, broka wa ploti, akaguna. "Watakupima na kidole, alafu waseme ni huduma kwa mwananchi."

"Siku hizi wanatoa damu tu, Broka."

"Sasa unaniharibia stori."

Baba akarudi akifunga mshipi. Pale benchi wanamwita Chairman.

"Mimi nishapimwa," akasema. "Niko na saratani ya hiyo tezi dume."

Ngigi akaweka kikombe chini.

"Pole, Chairman. Lakini si hiyo ndiyo ugonjwa wa waheshimiwa wa bunge? Umepanda cheo!"

"Nimepanda mara mbili. Daktari amesema niko na ingine ya tezi ya shingo, inatembea na damu ya familia. Nipeleke watoto wapimwe."

"Na utapeleka?"

"Kesho. Gideon na Nelson."

"Na huyu?" Redio akanielekezea kidole.

Baba akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Redio, kwani hukusoma? Inaitwa tezi dume. Naserian ni dume?"

"Mpeleke," Ngigi akadakia, "atarudi na ndevu!"

Benchi yote ikalia kwa kicheko.

"Lakini ile ya shingo si ya dume," Redio akasema.

"Umesikia ni ya familia? Familia ni ya wanaume!" Ngigi akapiga meza. "Huyu ataolewa, aende augue ya ukoo wa bwanake."

"Hapo umesema," baba akajibu, akanisukumia kikombe niongeze chai.

Sikuongeza. Mimi ndiye nilimsindikiza kwa daktari, nikakaa kando yake, na maneno yote niliyasikia. Tangu siku hiyo nilikuwa nikingoja ayakumbuke mwenyewe.

"Baba," nikasema, nikaweka birika chini. "Daktari alisema watoto wote, hata wasichana. Na mimi niko na uvimbe hapa shingoni tangu mwezi wa nne."