Chupa ya Kumi na Tatu ya Asali ya Matavere

Lozells, Birmingham
9 Mei 2006

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Kisiwa cha Matavere, Bahari ya Pasifiki, aliyeko London

Mheshimiwa,

Natumai u mzima, na kisiwa nacho ni kizima huko kiliko. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nikiwa na hasira Kiingereza hunikimbia. Mimi ni Makungu Ameir, mzaliwa wa Pemba, mwenye duka la vyakula hapa Lozells. Mwezi Oktoba mwaka jana niliagiza kwa posta chupa kumi na mbili za asali ya Matavere. Malalamiko yangu ni kwamba zimekuja kumi na mbili.

1. Kwetu mtu akinunua dazeni haondoki na dazeni. Anaongezwa kidogo juu yake, na asiyeongeza huitwa mchoyo hata na wanawe. Mimi huwatilia wateja wangu pilipili, ndimu, chochote kilicho karibu na mkono. Hata Kamlesh wa duka la pili hunitilia vitunguu, naye si Mpemba.

2. Binti yangu Raisa anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Kwa kuitegemea nyongeza, niligawa zile kumi na mbili kwa shangazi na mama wadogo. Ya kumi na tatu ilikuwa ya Bi Nasreen wa Alum Rock, mama wa bwana harusi. Sasa Bi Nasreen amesikia kwamba kila mwanamke wa mji huu ameonja asali ya Pasifiki isipokuwa yeye. Anasema hakuhesabiwa kuwa mtu. Harusini haji, na Faisal hawezi kuoa bila radhi ya mama yake. Raisa hali chakula, hasemi nami. Ni mimi baba yake niliyemfikisha hapo, na roho inaniuma.

3. Nilipokuandikia mara ya kwanza ulinijibu, nami nashukuru, kwamba Sheria ya Biashara ya mwaka 1908 inawakataza wenyeji kutoa au kupokea chochote kisichoandikwa kwenye hati ya mauzo, kwa kuwa manahodha wa kampuni za biashara walizoea kuwalaghai kwa shanga na ramu. Mheshimiwa, waliolaghai ni manahodha wenu. Mbona mliowafunga mikono ni wenyeji?

4. Katika barua hiyohiyo umenieleza kwa fahari kwamba mwaka 1899 meli ilikwenda Matavere kununua magunia mia nne ya mbata za nazi, ikarudi na mbata na kisiwa. Nimeisoma mara tatu, nikamsomea na Kamlesh. Magunia yamo kwenye hati. Kisiwa hakimo! Hicho mlikipata juu yake, na nyongeza kubwa kama hiyo mimi sijapata kuisikia, wala kuitoa.

5. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama sheria ifuatwe, kisiwa kirudishwe kwa wenyewe, watu sitini na mmoja, pamoja na bendera, stempu na ile kofia ya manyoya uliyoivaa kwenye stempu. Ama nyongeza iruhusiwe, nami niletewe chupa moja kabla ya Jumamosi hiyo. Najua meli huenda huko kila miezi mitatu. Lakini mwaka 1899 hamkukawia.

Nisalimie wote hapo ofisini, na wenyeji wote, kila mmoja kwa jina lake, na nyuki pia.

Mimi ninayengoja posta,
Makungu Ameir

N.B. Stempu nilikuwa nimeshabandika pale Mwanamize, mke wangu, alipotaka kulitupa lile boksi la asali tulilodhani ni tupu. Chini kabisa, ndani ya majani makavu, imetoka chupa ya kumi na tatu, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba hii ni ya juu yake, Msimamizi asijue. Nimelia mbele ya wateja. Chupa imeshafika Alum Rock, na Bi Nasreen amepiga simu kuuliza Raisa atapakwa hina siku gani. Basi malalamiko yote nayafuta. Usihangaike kumtafuta aliyeandika. Aliweka jina lake, lakini karatasi ilikuwa imeroa asali, nimeitafuna.