Kamati ya Harufu Yamnusa Lefse

Wakazi wote wa Mtaa wa Maple, Minnesota, wanatangaziwa kwamba harufu ya kicheche imepigwa marufuku kuanzia leo. Kicheche mwenyewe ametafutwa apewe taarifa, hajaonekana.

Tangazo hilo aliliandika Mwenyekiti wa Kamati ya Harufu, Orville Haugen, akalisoma mara mbili, akajipenda. Jana kicheche alimpulizia Lefse, mbwa wa Verna Tollefson, mnuko uso mzima. Sasa sheria ni hii: anayenuka anatoka mtaani mpaka aogeshwe juisi ya nyanya, Kamati imnuse, iridhike.

Verna alichachamaa. Tangu afiwe na mume, hana mwingine wa kugombana naye ila Lefse.

"Orville, nyanya ni upuuzi! Niache nimwogeshe kwa magadi na sabuni ya vyombo."

"Dawa hiyo haijaidhinishwa. Mama yangu alitumia nyanya."

"Na mbwa wenu alilala wapi?"

"Bandani. Hilo si ajenda."

Basi Lefse akazamishwa kwenye beseni. Akatoka rangi ya waridi, ananuka kama tambi za jalalani. Kamati, watu watatu wazima, ikajifungia naye kwenye gereji ya Orville ili ushahidi usitoroke. Wakamnusa shingo, mgongo, mpaka mkia. Lefse akaona kapata marafiki, akawapanda mapajani mmoja mmoja.

Mwanzoni walitokwa machozi. Baadaye wakazoea. Mwishowe Orville akavuta pumzi ndefu.

"Mimi sisikii kitu."

"Hata mimi, Mwenyekiti."

"Nyanya imeshinda!"

Kura zote ndiyo. Verna akamchukua mbwa wake kwa mkono mmoja, akaziba pua kwa mwingine, akakimbilia uani kwenye magadi yake kabla hawajabadili mawazo.

Orville akaenda kwake kifua mbele. Mkewe Arlene akafungua mlango kidogo tu.

"Koma hapo hapo!"

"Arlene, Kamati imethibitisha kwamba..."

"Kathibitishe huko nje! Sheria si yako? Anayenuka anatoka!"

Jua linazama, Kamati nzima imesimama kwenye majani ya Verna, wake zao wote wamewafungia milango. Lefse kibarazani, mweupe pee, ananukia sabuni.

"Verna, dada yangu," Orville akabembeleza, "ile dawa imebaki?"

"Tele. Ila haijaidhinishwa." Akawasukumia beseni. "Anzeni na nyanya. Nikimaliza kula, nitakuja kuwanusa."