Ngusa wa Buti Namba Tano

Jumapili, 5 Mei 1996

Siku ya ishirini na mbili ya ndoa. Fidel wangu yuko Dar es Salaam chuoni, mimi niko Ifakara, na shati lake la bluu liko juu ya mto wa kitanda. Sijalifua. Sitalifua.

Barua imekuja! Kurasa mbili. Wa kwanza wa mapenzi (nimeusoma mara sita). Wa pili wa kazi (mara moja). Mwenzake wa darasani, Ngusa, anakuja Jumatano kupima maji ya mto Lumemo kwa ajili ya utafiti wao wa shahada ya pili. Atalala kwetu, chumba cha uani. "Ngusa ni mtu makini, hanywi, hana mchumba, na anapika ugali kutushinda sote. Mtafutie buti za mpira, namba tano."

Hana mchumba!

Siku anaondoka, pale stesheni, Fidel aliniambia kwamba darasa lao la uhandisi lina watu kumi na wawili, na mwanamke ni mmoja tu. Nilimuuliza kama ni mzuri. Akasema hajawahi kuangalia. Malaika yule! Basi wanaume ni kumi na mmoja. Mmoja wangu. Wanabaki kumi, wanakonda maktabani bila mtu wa kuwaandikia barua. Na hapa Ifakara kwaya yetu peke yake ina mabenchi matatu ya wasichana! Kidato cha nne hesabu nilipata F, lakini hii naiweza.

Jioni nimepita kwa Shangazi Domitila, aliyetulea. Balaa. Mshenga wa Mzee Wendelin wa kijiji cha Mbingu anakuja Jumapili ijayo kumposa dada yangu Odilia. Mzee Wendelin amefiwa na mke, ana watoto watano, na wa kwanza ana ndevu. Odilia alizidi tu kukanyaga cherehani. Aliponisindikiza alinishika mkono. "Digna, fanya lolote unaloweza. Mimi Mbingu siendi."

Lolote! Na amepewa mtu anayeliweza.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemweleza Shangazi kwamba injinia wa Chuo Kikuu anakuja, na kwamba moyo wake uko wazi. Shangazi akauliza anaitwa nani. Nikasema Ngusa. Akaweka ungo chini.

"Msukuma?"

Nikasema jina ni la Kisukuma.

"Wasukuma wanaoa kwa ng'ombe," akasema, akaanza kuukagua uwanja wake kwa macho, sehemu ya kujenga zizi. Uamuzi: Jumapili waje wote wawili, mshenga na injinia, yeye atapima mwenyewe.

Buti namba tano ni kazi. Dukani zinaanzia namba saba. Mwisho nimeazima kwa sista wa bustani pale misheni. Akauliza ni za mtoto? Nikasema za injinia. Akaniangalia sana. Kwa hiyo Ngusa ni mfupi. Si neno. Nimemwambia Odilia avae kandambili na ajifunze kupinda magoti kidogo.

Kaka yetu Donati, mrefu kama nguzo ya simu, atalala kwangu wiki hii. Siwezi kukaa na mwanamume mgeni peke yangu, majirani wana macho. Donati amekubali kwa sharti la wali kila siku.

Jumatano, 8 Mei

Jamani, aibu!

Stesheni na Odilia, gauni la njano, kandambili. Watu wakashuka. Nikamwona! Mfupi, nadhifu, mkoba mkononi. Nikamkimbilia: "Karibu, shemeji! Karibu sana nyumbani!" Akasema asante, amefurahi, hajawahi kupokelewa hivi Ifakara. Nikamkabidhi Odilia mkono wake. Nikamwambia dada anapenda sana mambo ya vipimo. Akafungua mkoba amwonyeshe. Sumu ya panya. Pakiti kwa pakiti. Anaitwa Viktor, anauza kuanzia Mlimba mpaka Kidatu.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Samahani dada, wewe ndiye Digna wa Fidel?"

Msichana. Suruali, begi mgongoni, na begani chombo cha miguu mitatu kama kigoda kilichorefuka.

"Mimi Ngusa."

Teddy Ngusa! Chuoni wote wanaitana kwa majina ya baba zao. Na Fidel kwenye barua ameandika "anakuja", "atalala", "hana mchumba", na Kiswahili chetu hakikunisaidia hata kidogo!

Buti zimemtosha kama zilikatwa kwa mguu wake.

Odilia alicheka njia nzima. Anayetakiwa kuposwa Jumapili ni yeye, na anacheka.

Alhamisi, 9 Mei

Sikuwaza jana. Leo nimewaza. Darasani mwanamke ni mmoja. Huyu NDIYE huyo mmoja. Yuko jikoni kwangu, anasonga ugali, na ugali wake kweli unatushinda sote.

Nimeanza upelelezi. Nikamuuliza kwa upole kama anamfahamu Fidel vizuri. Akasema, "Fidel? Anakoroma huyo." Kijiko kikaniponyoka. Akamalizia: maktabani, mbele ya darasa zima, mpaka mkutubi anampiga rula.

Halafu akanieleza bila kuulizwa. Mwaka wa kwanza watu walimwambia ana bahati, wanaume kumi na mmoja ni kama kuchagua nyanya sokoni. Wiki moja alipata barua nne za mapenzi. Tatu zilikuwa barua ileile, zimenakiliwa pamoja na makosa. Alizisahihisha kwa kalamu nyekundu akazirudisha. Tangu siku hiyo yeye ni Ngusa tu, mwenzao. Jengo lao halina choo cha wanawake, anavuka mpaka jengo la jirani. Akipata jibu la hesabu wanamuuliza nani kamsaidia. Alisema yote haya huku anapukuchua mahindi, kama mtu anayesoma orodha ya vituo vya treni.

Nikauliza barua ya nne iliandikwa na nani. Akasema si Fidel. Nikapumua. Kisha nikawaza: mbona alijua kwamba ninataka kujua hilo? Usingizi sina hakika nao.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda mtoni kulinda ndoa yangu.

Upimaji wenyewe ni hivi: unatupa chungwa majini, linaelea kutoka kigingi kimoja hadi kingine, unasoma saa. Donati alikuwa wa kutupa machungwa. Tulikwenda na kumi na mawili. Mawili yalielea. Mengine yalionekana maganda tu. Mimi nilikuwa wa kuandika. Kwa hesabu zangu Lumemo ilikuwa inapanda mlima.

Odilia alituletea chakula, futi yake ya kushonea shingoni kama kawaida. Akatazama daftari. Akasema hapa umegawanya kichwa chini. Akatazama ubao wenye namba uliosimikwa mtoni kuonyesha kina cha maji, akasoma mpaka sentimita ya mwisho, ilhali maji yanachezacheza. Ngusa akamuuliza umejifunza wapi. Odilia akasema, "Wateja wangu hawatulii. Nimezoea kupima kitu kinachotikisika."

Ngusa akampa kalamu. Mimi nikapewa kushika machungwa. Kwa kuwa nilikuwa nimemweka Ngusa machoni muda wote, naweza kuthibitisha: mchana kutwa hakumtaja Fidel hata mara moja. Fidel wangu! Mtu anawezaje kukaa saa sita bila kumtaja?

Jumamosi, 11 Mei

Shangazi ameleta habari kwamba amechinja bata kwa ajili ya injinia. Sijamwambia. Nilitaka kumwambia Jumatano, ikaingia Alhamisi, sasa bata amekufa.

Nikikaa kimya, kesho mshenga atakuwa peke yake na Odilia ataenda Mbingu. Anahitajika Ngusa wa kiume, kwa saa mbili tu.

Nimemkuta Viktor sokoni. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Nimemwonya: asiongee sana, akiulizwa kazi aseme anapima. Akauliza kama kutakuwa na bata. Odilia na Ngusa sijawaambia, kesho asubuhi watakuwa mtoni. Mpango hauna tundu.

Jumapili, 12 Mei

Tundu lilikuwa Viktor.

Alikuja na mkoba wake! Mshenga wa Mzee Wendelin, mtu mnene mwenye kofia, ameketi kulia. Viktor kushoto. Bata katikati. Shangazi akaanza kwa heshima: baba injinia, huko mtoni unapima nini hasa? Viktor akasema, "Panya, mama."



Nikaingilia, nikasema ni panya wa majini, wanaathiri mkondo. Shangazi akauliza ng'ombe je. Viktor akasema dawa yake haidhuru ng'ombe, ila wasiilambe.

Hapo ndipo walipoingia Odilia na Ngusa, matope mpaka magotini. Ngusa akapiga goti, "Shikamoo mama, mimi Ngusa, nimekuja kushukuru kwa kunipa Odilia wiki hii." Shangazi akamtazama Ngusa, akamtazama Viktor, akanitazama mimi. Mtazamo ule wa mwisho ndio ulikuwa mrefu.

Viktor akaomba paja la bata.

Nilifikiri Odilia amekwisha. Lakini alisimama mwenyewe, futi shingoni, na sauti haikutetemeka. Akasema Ngusa anahitaji mtu wa kusoma kina cha mto asubuhi na jioni mpaka kiangazi, ameombwa yeye, amekubali. Baada ya hapo atafanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi. Mzee Wendelin anamheshimu, lakini haendi.

Mshenga akakohoa. Akasema hilo la kusubiri ni gumu, mpunga Mbingu unakaribia kuvunwa, na mzee anahitaji mikono.

Shangazi akageuka polepole. "Anahitaji nini?"

"Mikono, mama. Ya kuvuna."

"Kumbe anaposa kibarua! Vibarua wamejaa Chita, mwambie akaposee huko! Mwanangu nimemsomesha mimi!" Akamrudishia kofia iliyokuwa imeshavuliwa. Mshenga akaondoka. Bata tukamla sisi. Shangazi alimpa Ngusa firigisi, ile anayopewa mkwe.

Mimi nilipewa shingo. Lakini tusisahau nani alianzisha yote haya. Ni mimi.

Jumatano, 22 Mei

Siku ya thelathini na tisa ya ndoa! Odilia yuko mtoni asubuhi na jioni, daftari lake limenyooka kama mshono. Cherehani anaishika mchana. Anaimba.

Barua ya Fidel! Kurasa mbili. Ngusa amefika salama. Na Jumamosi anakuja mwenzao mwingine kutoka darasani, Valentino. "Ni mpole, hana mchumba. Mtafutie buti namba kumi na moja."

Ha! Safari hii sidanganyiki. Valentino ni jina la baba. Anayekuja ni msichana. Namba kumi na moja, maskini, kumbe ndiyo maana hana mchumba, ni mrefu mno. Na nani mrefu hapa Ifakara, hana mke, na yuko tayari kula wali wa mtu yeyote? Donati!

Nimemwagiza akanyoe. Amenunuliwa marashi. Nimetandika chumba cha uani shuka lenye maua, na kioo kidogo ukutani.

Odilia alipita akauliza: si Fidel alisema darasani mwanamke ni mmoja tu? Nikamwambia abaki na hesabu zake za mto, haya ya mioyo aniachie mimi.

Shangazi ameshaanza kunenepesha bata mwingine.