Myahudi wa Thika Amekataa Kurudi Kwao

Majengo, Thika
Julai 1955

Kwa Ndugu Mhariri wa gazeti letu la kanisa,

Pokea salamu katika jina lake Yeye atakayerudi. Kwamba bado hajarudi unajua mwenyewe. Kwa nini anachelewa ndiyo sababu ya barua hii. Nimelichunguza jambo hilo kwa makini, nikagundua kwamba anayemchelewesha yuko hapa Thika, ana karakana ya kutengeneza pampu za maji, na ndiye mwajiri wangu.

Mimi naitwa Philip Ajwang, mzaliwa wa Nyanza. Ni fundi siku za kazi na mhubiri siku ya Jumapili. Hivyo ndivyo ninavyojieleza mimi. Mke wangu Wilkister hueleza kwamba nahubiri juma zima, na pampu hutengenezwa na mwenzangu Salim.

Ndugu Mhariri, wakati wa Pasaka gazeti lako liliandika kwamba Mungu alimwahidi Ibrahimu nchi ile milele. Kwamba anayewabariki wana wa Ibrahimu hubarikiwa. Na kwamba manabii walisema Wayahudi watakusanywa kutoka pembe zote za dunia kabla Bwana hajaja. Sasa wamepata nchi yao, ukasema, na sisi Wakristo yatupasa kuwaunga mkono, maana kila mmoja anayerudi kwao anaisogeza siku ile. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Pembe zote za dunia! Kama Thika si pembe ya dunia, basi sijui pembe ni nini. Na Bwana Rubin, tajiri yangu, ni Myahudi. Sijapata kusikia mwingine kati ya hapa na Ruiru. Wengine wote huenda walikwisha panda meli zamani. Nikaona wazi kwamba dunia nzima inamngoja yeye, naye hana habari.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hataki kwenda. Nilimwendea kwa heshima, kofia mkononi, nikamwuliza anarudi kwao lini. Alikuwa amelala chini ya pampu ya shamba moja la kahawa, miguu tu ndiyo inayoonekana. Akajibu, "Saa kumi na moja, kama siku yote." Nikamweleza kwamba sikuwa na maana ya nyumba yake kule ng'ambo ya mto Chania. Nilikuwa na maana ya kwa Ibrahimu. Miguu ikatulia kidogo. Halafu akasema, "Philip, lete spana."

2. Aliikataa sadaka yetu. Kwa kuwa gazeti lilisema tuwaunge mkono, nilihubiri kule Ruiru katika banda la wafanyakazi wa kahawa, tukachanga vitu vya kumsafirishia Myahudi. Watu hawana kitu, lakini walitoa: debe la mahindi, blanketi, jogoo mwekundu. Mama mmoja Mkamba, Mbithe, alileta kibuyu cha maji, maana katika habari za Musa alisikia kwamba njia ya kwenda kule ni jangwa tupu. Tukavibeba vyote mpaka karakana, tukiimba kwa nguvu.

Ndugu Mhariri, katika Hali hii ya Hatari, Mzungu akiona kundi la Waafrika linamjia huku likiimba, hangoji kusikia maneno ya wimbo. Bwana Rubin alifunga mlango, akapiga simu. Askari walifika kabla hatujamaliza ubeti. Nikaeleza sana, jasho likinitoka, kwamba hatukuja kumfukuza Mzungu nchini. Tulikuja kumrudisha kwao kwa upendo. Nimegundua kwamba tofauti hiyo ni ngumu kumweleza askari. Jogoo alichukuliwa kama ushahidi na sisi tukaambiwa twende zetu.

3. Mafundisho yenu yanazaa maswali. Mzee Kagwe ni mzee wa kanisa letu, mtu mpole, ambaye amehamishwa pamoja na jamaa zake wakatiwa kwenye kijiji kipya cha Theta, chenye handaki na seng'enge. Katika ibada alisimama akauliza, "Mwalimu, hii ahadi ya mtu kurudishiwa shamba ya babu yake, hata kama ilichukuliwa zamani, ni ya Wayahudi peke yao, ama kuna mahali sisi pia tunaandikisha majina?"

Vichwa vyote vikageuka. Karani wa shamba alikuwa ameketi nyuma, na kalamu mfukoni. Nikasema tufumbe macho tuombe. Tuliomba mpaka karani akachoka akatoka.

Jumatatu, tukinywa chai, Salim naye akaniuliza kama nchi ile ilikuwa tupu Wayahudi walipoifikia. Nikamwambia ramani iliyo nyuma ya Biblia yangu inaonyesha mito, milima na makabila kumi na mawili, basi. Salim akapuliza chai yake. "Kwa hivyo wale waliokuwa wakikaa hapo juzi hawakuingia kwenye ramani," akasema. Tafadhali gazeti limjibu Salim. Ananitazama kila chai inapomiminwa.

4. Wazee wake pia wana makosa. Bwana Rubin aliniambia kwamba zamani serikali ya Kiingereza ilipendekeza Wayahudi wapewe Uasin Gishu hapa hapa Kenya. Watu wao wakaja, wakatazama, na mwishowe wenzao wakakataa. Nilishindwa kula. Hebu fikiri, Ndugu Mhariri: kama wangekubali, Bwana angeshukia Eldoret! Ndugu zangu wangekwenda kumlaki kwa baiskeli. Nilipomsimulia Wilkister, badala ya kusikitika pamoja nami aliuliza, "Na Wanandi wangeenda wapi?" Nikamwambia ameanza kuongea kama Salim.

5. Hili la tano ni gumu kuliandika, na sijui kama ni lalamiko.

Wilkister aliniuliza, "Baba Aketch, unamhangaikia nini huyu mzee wa watu? Wewe mwenyewe umeenda kwenu lini?" Kisha akainama akaendelea kuchambua maharagwe, kwa kuwa anajua nina haraka gani.

Aketch ni binti yetu. Surua ilimchukua mwaka juzi. Tulitaka kumpeleka nyumbani Nyanza akalale karibu na bibi yake, lakini vibali vya safari havikutoka, na mtoto hawezi kungoja vibali. Amezikwa hapa Thika, kati ya watu wasiomjua babu yake kwa jina. Basi niliposoma katika gazeti lako kwamba siku ile wafu watafufuliwa, na kwamba siku yenyewe inangoja Wayahudi warudi kwao, naamini utaelewa kwa nini nilishindwa kumpa mtu huyu spana kwa moyo mweupe.

Hatimaye nilimwambia hayo. Aliweka chombo chini, akanawa mikono, akakaa juu ya sanduku la vyuma. Hakuwa amepata kukaa mbele yetu wakati wa kazi.

"Mimi pia nataka watu yangu, Philip," akasema. "Mama. Ndugu. Watoto yao. Ulaya, ile vita ya Hitler. Hata kaburi hapana." Halafu akauliza, "Sasa hiyo kitabu yako. Sisi nakwenda, yote nakaa pamoja. Halafu? Sisi napata nini?"

Mimi ni mtu wa kweli, Ndugu Mhariri, na ndiyo balaa yangu. Nilitoa Biblia mfukoni nikafungua nabii Zekaria mahali pale pale nilipofundishwa na mmisionari. Nikamsomea jinsi mafungu mawili ya watu katika nchi ile watakavyokatiliwa mbali wafe, na fungu la tatu litakavyopitishwa motoni kama fedha. Nilianza kwa sauti ya mimbarani. Nilipofika kwenye moto sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nadhani wewe napenda sisi," akasema.

"Nawapenda, Bwana. Kweli nawapenda."

"Ndiyo. Kama mpishi napenda kuku."

Akainuka, akarudi chini ya pampu. Nami nikabaki nimeshika Biblia, nikiona aibu ambayo sikujua iingie kifungu gani.

Lalamiko langu, nadhani, ni hili: gazeti lilichapa ahadi na baraka zote kwa herufi kubwa. Hayo ya mafungu mawili hamkuyachapa. Mliniachia mimi nikamsomee mtu uso kwa uso, mtu asiyejua hata mamake alizikwa wapi.

6. Hata hivyo, siwezi kuiacha habari nusu njia. Kama hesabu ya waliokusanywa imepungua mtu mmoja tu, naomba nihesabiwe mimi mahali pake. Nguruwe nimeacha tangu mwezi uliopita. Jumamosi sifanyi kazi, na Salim amekiri kwamba karakana haikuona tofauti. Limebaki jambo moja la agano la Ibrahimu ambalo sisi wanaume wa Nyanza hatukufanyiwa, na Salim, kwa furaha isiyo na kiasi, amejitolea kunitafutia ngariba huku Majengo. Nangoja kibali cha kanisa. Nakuomba usikiharakishe.

Wilkister amesema kwamba nikiwa Myahudi, yeye ni Mfilisti, na chakula nitapikiwa na manabii.

Nasalimu wahariri wenzako, wapanga herufi, Askofu, na msichana wa ofisini anayefungua barua, maana nasikia ndiye huzisoma. Mzee Kagwe anawasalimu na kuuliza kama majina yameanza kuandikwa. Salim anawasalimu. Wilkister hawasalimu.

Ni mimi, niliyechoka kungoja,
Philip Ajwang

Nyongeza. Nilikuwa nimeifunga bahasha, imebidi niichane. Leo asubuhi Bwana Rubin alituita mimi na Salim akatuambia anauza karakana na kwenda zake. Nikauliza wapi. Akasema Haifa, mji wa kule kule kwa Ibrahimu. Dada yake mdogo, ambaye alimhesabu pamoja na waliokufa, yuko huko, mzima, ana duka la vitambaa na meno mawili ya dhahabu. Alicheka na kulia kwa pamoja alipotaja hayo meno.

Basi, Ndugu Mhariri, nilichokiomba tangu Pasaka ndicho hicho kimekuja, na hakikuja kwa sababu ya Ibrahimu wala ya Zekaria. Ningepaswa kupiga magoti nishukuru. Nilichofanya ni kumshika mkono mbele ya Salim nikisema, "Bwana, usiende."

Akanitazama. "Na Yesu yako, Philip? Na mtoto?"

Nikamwambia, "Watangoja, Bwana." Sikujua kama nitalisema neno hilo mpaka lilipotoka. Nilipokwenda kumweleza Wilkister, alinishika kichwa kama mtoto, akaniambia Aketch hana haraka, mwenye haraka ni baba yake.

Kwa hiyo tafadhali barua hii usiichape. Kama imekwisha kupangwa, chapa chini yake kwamba yuko fundi Thika anatafuta kazi, mtu mzima, mwaminifu, asiyekunywa. Mambo ya kuiharakisha siku ile nimemrudishia Mungu mwenyewe. Nikikumbuka vizuri, hakuwa ameniomba msaada.