Kaburi la Akiba

Jumatatu, 6 Oktoba 1997
Nimehitimu kozi ya uongozi kwa njia ya posta. Sasa naona wazi: Chama chetu cha Mazishi hapa Kitengela huendeshwa kwa mazoea. Mtu hufa, ndipo tunatafuta majembe! Kiongozi wa kisasa hakisii. Hupima, hupanga, kisha hutenda. Mimi ndimi katibu. Nitaanza.

Jumanne, 7 Oktoba
Redio inatabiri mvua kubwa. Udongo wetu mweusi ukilowa hauchimbiki. Basi makaburi yachimbwe wakati wa kiangazi. La nani kwanza? Ndambuki, mume wa dada yangu Kaveke, anaugua mapafu. Nesi anasema akila na kutulia atainuka. Hayo ni matumaini, si takwimu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimetoa hoja kikaoni. Simel, mwanachama mwenzetu, amepinga. Ati kaburi halilali wazi. Likilala wazi humwita mwenyewe. Nikamuuliza ni nani aliyelipima jambo hilo. Akasema kwamba mimi nikikaribishwa chai, hutazama kwanza kama jeneza litapita mlangoni. Wakacheka wote. Wivu. Anautaka ukatibu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimechimba uani kwa Ndambuki bila idhini ya kikao. Nimegawa kazi kwa wanachama wawili: Gakuru sululu tu, Odero koleo tu, hakuna porojo. Kazi safi! Ndambuki, aliyekuwa amemaliza uji wake kwa mara ya kwanza wiki hii, akachungulia dirishani.
"Shemeji, hilo shimo ni la choo?"
Nikamweleza ukweli. Kozi inasisitiza mhusika ashirikishwe mapema. Akafunga pazia polepole.
Kaveke akanifuata hadi langoni. "Kaka, hata mbuzi hafungwi mahali anapoona kisu kikinolewa."
Nikamjibu kwamba huruma huharibu mipango.

Jumatatu, 13 Oktoba
Ndambuki amekataa uji. Amegeukia ukuta. Nesi amembembeleza bure. Simel alikuja na koleo alifukie shimo. Nimeketi ukingoni hadi akaondoka. Kufukia na kuchimba tena ni kazi maradufu!

Alhamisi, 16 Oktoba
Mvua imeanza. Ndambuki amefariki alfajiri. Makadirio yangu yalikuwa sahihi. Nimeona aibu kulisema mbele ya Kaveke, ila nimeliandika.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mazishi. Shimo limejaa maji, kuta zimebomoka. Wanaume wamechimba jingine topeni, jeneza likingoja mvuani. Kaveke hakunitazama. Kabla watu hawajatawanyika, Simel amechaguliwa katibu. Hata Gakuru alinyoosha mkono!

Jumapili, 19 Oktoba
Nimetathmini. Kasoro ni mbili: shimo lilikosa paa, tena lilikuwa mbele ya dirisha. Mbinu yenyewe haina doa. Majirani wanasema Kaveke hali wala halali, amejilaza kifudifudi tangu jana.

Nimenunua mabati. Kesho nitapima nyuma ya nyumba yake.